Taji la Bergen: Askofu Mkuu Eystein na Sheria ya Mwaka 1163

Katika mji wa Bergen, pwani ya magharibi ya Norwei, mnamo 1163 au 1164, mtoto wa miaka saba au minane alipakwa mafuta matakatifu, akavikwa taji, akatoka kanisani akiwa Mfalme Magnus. Aliyemvika taji ni Eystein Erlendsson, Askofu Mkuu wa Nidaros, mji ambao leo tunauita Trondheim. Maaskofu wenzake walikuwepo, na pia Stephanus, mjumbe wa Papa Alexander III. Katika nchi zote za Skandinavia hakuna mfalme aliyekuwa amewahi kutawazwa kwa ibada ya Kanisa kabla ya siku ile. Na mtoto mwenyewe hakuwa mwana wa mfalme. Baba yake, Erling Skakke, alikuwa kabaila na mkuu wa vita. Dai lote la ufalme lilipitia kwa mama, Kristin, binti wa Mfalme Sigurd Jorsalfar, na kwa mila ya nchi ile mtoto wa binti hakuwa na dai. Ndiyo maana tangu enzi zile wapo wanaomshitaki Eystein kwamba aliuza taji: Erling alikuwa na panga lakini hana uhalali, askofu alikuwa na uhalali wa kugawa, wakakutana njiani. Nakubali kwamba palikuwa na mapatano. Ushahidi wake tutauona. Lakini nadhani wanaoshitaki wameikosea hesabu ya kilichonunuliwa. Katika mapatano yale Eystein alipata sheria, ya kwanza katika Norwei kuandikwa ili kuamua nani awe mfalme na kwa njia gani. Uzito wa sheria hiyo hauonekani kwa rafiki zake walioitumia kujikinga. Unaonekana kwa ukoo wa adui zake, ambao mwishowe uliitumia kutawala nchi.

Tuanze na hali aliyoikuta. Mila ya Norwei ilisema kila mwana wa mfalme, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa, ana haki sawa na nduguye, na kwamba wafalme wawili au watatu wanaweza kutawala pamoja. Kwa maneno inasikika kama uungwana. Kwa vitendo ilimfungulia mlango kila kijana shupavu aliyeweza kupata mashahidi wa kuapa kwamba mama yake alimzaa na mfalme. Sigurd Jorsalfar alipofariki 1130, nusu ya nchi ilichukuliwa na Harald Gille, mtu aliyekuja kutoka ng'ambo akidai kuwa ndugu wa mfalme, na ambaye, kwa simulizi za kale, alithibitisha dai lake kwa kutembea pekupeku juu ya majembe ya plau yaliyookwa motoni. Mwaka 1135 Harald alimkamata mfalme mwenzake, Magnus mwana wa Sigurd, akampofusha. Mwaka uliofuata Harald mwenyewe aliuawa usiku na mdai mwingine, Sigurd Slembe, naye Sigurd Slembe akauawa 1139. Wana wa Harald waligawana ufalme wakiwa watoto wadogo, wakakua, wakamalizana: Sigurd Munn aliuawa 1155, Eystein Haraldsson, ambaye na askofu wetu walishirikiana jina tu, 1157, na Inge 1161. Håkon, kijana aliyemshinda Inge, hakumaliza hata miaka miwili. Aliuawa vitani 1162. Kila mmoja wao alikuwa na dai ambalo mila ililitambua, na kwa kuwa madai yote yalikuwa sawa mbele ya mila, hapakuwa na chombo cha kuyapima isipokuwa upanga. Anayetaka kumhukumu Askofu Mkuu Eystein aiweke mbele yake orodha hii ya wafu kwanza.

Eystein hakuyatazama mambo hayo kutoka mbali. Alitoka katika ukoo mkubwa wa Trøndelag, sehemu ya kati ya nchi, na kabla ya uaskofu alikuwa mtunza hazina wa Mfalme Inge, yule aliyeuawa 1161. Inge ndiye aliyemteua kuwa askofu mkuu mwaka 1157. Hapo tayari pana doa, na sioni sababu ya kulifunika. Ulaya nzima Kanisa lilikuwa likipigania haki ya kuchagua viongozi wake bila amri ya wafalme, na huyu aliingia kwenye kiti chake kwa amri ya mfalme. Jimbo lake kuu lilikuwa changa. Lilikuwa limeundwa mwaka 1152 au 1153 na Kardinali Nicholas Breakspear, Mwingereza ambaye muda mfupi baadaye akawa Papa Adrian IV. Lakini eneo lake lilikuwa kubwa ajabu: majimbo matano ya Norwei yenyewe, mawili ya Iceland, moja la Greenland, la visiwa vya Faroe, la Orkney, na la visiwa vya Hebrides pamoja na Man. Kutoka Nidaros hadi Garðar, kiti cha askofu wa Greenland, ni safari ya bahari ya wazi ya wiki nyingi, na baharia hakuwa na uhakika wa kurudi mwaka uleule. Mwaka 1161 Eystein alipokea palio, alama ya mamlaka ya askofu mkuu, kutoka kwa Alexander III, na Novemba mwaka huohuo akaweka wakfu altare ya Yohane Mbatizaji katika kanisa kuu la Nidaros, akiacha jina lake la Kilatini, Augustinus, limechongwa kwenye jiwe.

Akili ya mtu huyu inaonekana vizuri zaidi katika barua alizoandikiana na Papa kuliko katika sherehe zake. Baadhi ya majibu ya Alexander III yamehifadhiwa, na mawili yanafaa kutazamwa kwa karibu. La kwanza linahusu uvuvi. Sheria ya Kanisa ilikataza kazi siku ya Jumapili na sikukuu. Lakini samaki aina ya heringi hufika ufukweni kwa makundi makubwa, na kundi likishapita limepita. Familia iliyokaa nyumbani siku ile hulala njaa majira yote ya baridi. Papa alijibu kwamba wavuvi waruhusiwe kuvua Jumapili na siku nyingine takatifu, isipokuwa zile sikukuu kubwa zaidi, heringi wanapoelekea nchi kavu, kwa sharti kwamba sehemu ya haki ya samaki hao igawiwe makanisa ya jirani na maskini. Jibu hilo baadaye liliingizwa katika mkusanyiko wa sheria za Kanisa lote, kwa hiyo swali la wavuvi wa Norwei likawa kanuni ya kusomwa na wanasheria wa Bologna. La pili linahusu ndoa. Wakati ule Kanisa lilikataza ndoa za jamaa hadi kizazi cha saba. Kulikuwa na kisiwa cha mbali, safari ya siku 12 au zaidi kutoka Norwei, ambako watu walikuwa wachache kiasi kwamba kijana asingepata mchumba asiye jamaa yake. Papa aliwaruhusu waoane katika vizazi vya tano, sita na saba. Majibu haya yanatuambia alikuwepo mtu huku kaskazini aliyejua kwamba sheria isiyowezekana kutiiwa haimfai yeyote, na aliyeona ni wajibu wake kuuliza badala ya kufumba macho. Sikumbuki viongozi wengi wa zama zile waliojishughulisha hivyo na nyavu za wavuvi.

Sasa tuingie katika mapatano yenyewe. Anayetusimulia ni Snorri Sturluson, mwanahistoria wa Iceland, katika kitabu chake Heimskringla kilichoandikwa yapata 1230, yaani miaka zaidi ya sitini baada ya tukio. Kwa simulizi yake, Eystein alikuwa amewashawishi wakulima wa Trøndelag wakubali kwamba faini zinazokwenda kwa askofu zilipwe kwa wakia za fedha safi, wakati faini za mfalme ziliendelea kulipwa kwa sarafu za kawaida, ambazo thamani yake ilikuwa nusu. Kwa hiyo faini ya askofu ikawa mara mbili ya ile ya mfalme. Erling Skakke alimwendea akamuuliza kama kuongeza huko hakuvunji sheria ya Mtakatifu Olav, mfalme wa kale wa Norwei. Askofu alijibu kwamba wakulima waliridhia wenyewe, kisha akamgeuzia swali: je, kumfanya mfalme mtu ambaye si mwana wa mfalme hakuvunji sheria hiyohiyo? Erling hakukasirika. Alikiri ugumu wa jambo, akapendekeza kwamba ikiwa sheria ya zamani haimpi Magnus haki kamili, askofu anaweza kumpa kwa kumpaka mafuta, kama ilivyo sheria ya Mungu na desturi ya nchi nyingine. Nami, akasema, nitakuunga mkono katika unayoyataka. Mazungumzo haya ndiyo silaha kuu ya wanaomshitaki Eystein, na sitajaribu kuipunguza makali. Huenda Snorri aliyapamba, maana hakuwepo. Lakini kiini chake, kwamba kila mmoja alikuwa na kosa ambalo mwenzake alikubali kulinyamazia, kinaaminika.

Hata hivyo tazama kilichotoka mezani. Sheria ya urithi wa ufalme, inayowekwa mwaka 1163, imehifadhiwa katika vitabu vya sheria vya Gulating, baraza la magharibi ya Norwei. Inasema mfalme awe mmoja. Awe mwana mkubwa wa mfalme, aliyezaliwa katika ndoa, isipokuwa kama uovu au upungufu wa akili umemtawala. Ikiwa hafai, achukuliwe nduguye wa baba mmoja ambaye maaskofu wanamwona anafaa, wakishauriana na watu 12 wenye busara kutoka kila jimbo la askofu. Ikiwa hakuna mwana wa ndoa, wateule hao watafute mrithi wa karibu. Na wakikosa, wamchague mtu atakayelinda haki ya Mungu na sheria za nchi. Wakitofautiana, upande wa walio wengi, ukiwa na askofu mkuu na maaskofu, ndio utakaoshinda. Anayejifanya mfalme nje ya utaratibu huu amepoteza mali yake na ulinzi wa sheria. Ninapoisoma orodha ya waliouawa kati ya 1135 na 1162, halafu nikasoma vifungu hivi, naona mtu aliyekaa akauliza ni kitu gani hasa kilichokuwa kinaua, akakijibu kimoja baada ya kingine. Madai sawa ya wana wengi yakajibiwa kwa mfalme mmoja. Wadai wa kujitokeza wakajibiwa kwa sharti la ndoa. Mrithi asiyefaa akajibiwa kwa kikao cha kumpima.

Pingamizi la kwanza liko wazi: sheria hii ilitungwa kwa faida ya Magnus, na bado Magnus mwenyewe hakutimiza sharti lake la kwanza, kwa kuwa hakuwa mwana wa mfalme. Ni kweli, ila pingamizi hilo lina kisu chenye ncha mbili. Kama lengo lilikuwa kumhalalisha Magnus peke yake, ilitosha kuandika kwamba mjukuu kwa binti anarithi. Haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kanuni ambayo Magnus aliingia kwa mlango wa uchaguzi, na ambayo wanawe wangeingia kwa mlango wa uzawa ikiwa tu wangezaliwa ndani ya ndoa na wangestahili. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja ikimbana mtu huyohuyo na uzao wake, basi imeshakuwa zaidi ya hirizi yake. Pingamizi la pili linasema maaskofu walijipa wenyewe madaraka ya kuchagua wafalme. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa zaidi. Ipo hati inayotolewa kwa jina la Mfalme Magnus, ambayo tarehe yake wasomi wanaibishania, ambamo mfalme anakiri kwamba ameupokea ufalme kutoka kwa Mtakatifu Olav na kwamba anaushika kama mtumishi wake, na kwamba taji la mfalme litolewe kwenye altare ya Nidaros atakapofariki. Olav, mfalme aliyeuawa Stiklestad tarehe 29 Julai 1030, amelala Nidaros, katika kanisa la Eystein. Mwenye funguo za kaburi ndiye mwenye kauli. Lakini ndani ya sheria ya 1163 maaskofu hawakukaa peke yao. Kila mmoja alikuja na watu 12 wa jimbo lake, na kwa majimbo matano hao ni watu 60. Katika karne ya kumi na mbili, kikao cha watu wazima 60 cha kumjadili mrithi kama anafaa ni jambo la kustahili heshima.

Kuna upande wa mtu huyu usiovutia, nao lazima usemwe. Sheria ya Kanisa alitaka ifuatwe kila mahali, na lugha yake ilikuwa kali. Mwaka 1173 aliwaandikia watu wa Iceland akiwakemea kwa mauaji na kwa maisha ya uzinzi ya wakubwa wao. Mwaka 1178 alimweka wakfu Þorlákr Þórhallsson kuwa askofu wa Skálholt, akamrudisha nyumbani na agizo la kudai makanisa yaliyokuwa mali ya makabaila waliyoyajenga. Þorlákr alipofika kwa Jón Loftsson, mtu mwenye nguvu kuliko wote kisiwani, alijibiwa kwamba ujumbe wa askofu mkuu umesikika ila hautafuatwa, kwa kuwa haiaminiki kwamba askofu mkuu anajua zaidi ya wazee wa ukoo waliotangulia. Jón huyo alikuwa akiishi na Ragnheiðr, dada wa Þorlákr mwenyewe, bila ndoa. Na ndiye aliyemlea Snorri Sturluson, kwa hiyo tunapomsoma Snorri akisimulia juu ya faini na mapatano, tukumbuke amekulia katika nyumba gani. Simtuhumu uongo. Nasema tu kwamba nyumba ile haikuwa na sababu ya kumpenda Eystein, na kwamba mengi tunayoyajua juu yake yameandikwa na watu wa upande wa pili.

Hilo ni kweli zaidi tukifika kwa Sverre. Mwaka 1177 kijana kutoka visiwa vya Faroe, aliyesomea upadri na aliyedai kuwa mwana wa Mfalme Sigurd Munn, alishika uongozi wa kundi la waasi waliokuwa maskini kiasi kwamba walijifunga magome ya miti miguuni, wakaitwa Birkebeiner. Alikuwa jemadari hodari na msemaji wa ajabu. Mwaka 1179 Erling Skakke aliuawa katika mapigano ya Kalvskinnet, ndani ya Nidaros yenyewe. Mwaka 1180 Magnus alishindwa tena nje ya mji huohuo, akakimbia, na Eystein akavuka bahari kwenda Uingereza. Historia ya Sverre iliandikwa na Abati Karl Jónsson wa Iceland, na sehemu yake ya kwanza iliandikwa Sverre mwenyewe akiwa ameketi kando akiamua kipi kiingie. Ndani ya kitabu hicho kuna pingamizi ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Sverre anaonyeshwa akimpa Magnus nafasi ya kushirikiana ufalme kama ilivyokuwa desturi ya zamani, na Magnus anakataa kwa sababu amepakwa mafuta na amekula kiapo. Tukiiamini simulizi hiyo, basi sheria ya Eystein ilikuwa imefunga mlango wa suluhu. Zamani wafalme wawili waliweza angalau kugawana nchi kwa muda. Sasa mmoja lazima amwangamize mwenzake. Magnus aliangamia Fimreite, mwaka 1184, pamoja na watu wengi mno wa koo kubwa za nchi. Siwezi kulipangua pingamizi hili kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba ule ugawanaji wa zamani tulishauona ulivyoishia kwa Harald na Magnus aliyepofushwa, na kwa ndugu watatu waliouana mmoja baada ya mwingine. Kiapo kiliifanya vita ya Sverre kuwa ya kufa na kupona, ila vita yenyewe ilikuwa na umri wa karibu miaka hamsini Sverre alipotua Norwei.

Twende naye uhamishoni, kwa sababu huko tunapata shahidi asiye na upande. Katika abasia ya Bury St Edmunds, mashariki ya Uingereza, aliishi mtawa aitwaye Jocelin wa Brakelond, aliyeandika mambo ya nyumba yake kwa uwazi wa kupendeza. Hakuwa na habari na Sverre, wala na Magnus, wala na wakia za fedha za Trøndelag. Abati wao, Hugh, alikuwa amefariki 1180, na kwa kuwa kiti kilikuwa wazi, mapato ya abati yalikuwa mikononi mwa Mfalme Henry II. Jocelin anaandika kwamba askofu mkuu wa Norwei alikaa katika nyumba ya abati, na kwamba kwa amri ya mfalme alipokea shilingi kumi kila siku kutoka katika mapato hayo. Ni fedha nyingi, na mtawa mwenye kinyongo angelalamika hapo. Jocelin anaendelea kwa kusema kwamba mgeni huyo aliwasaidia sana kupata uhuru wa kumchagua abati wao, akiwatolea ushahidi mwema na kueleza mbele ya mfalme aliyoyaona na kuyasikia. Mwaka 1182 watawa walimchagua mmoja wao, Samson, mtu wa asili ya kawaida aliyekuja kuwa mmoja wa maabati mashuhuri wa Uingereza. Fikiria alikosimama Eystein siku ile. Yuko ugenini, hana kiti, hana mlinzi, na chakula chake kinatoka kwa mfalme huyohuyo ambaye uchaguzi huru unampunguzia mapato na nguvu. Na si mfalme yeyote: ni Henry II, ambaye miaka kumi na michache tu nyuma wapiganaji wake walimuua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa la Canterbury. Eystein angeweza kula shilingi zake kimya. Mtu ambaye yeye mwenyewe aliingia kwenye uaskofu kwa uteuzi wa mfalme alisimama kuwatetea wengine wasiingiziwe abati kwa njia hiyohiyo, katika nchi ambako Magnus hakuwa na faida ya kupata. Kwangu ushahidi huu unamaliza hoja kwamba kanuni za Eystein zilikuwa vazi la siasa za chama chake. Vazi la chama huvuliwa chama kinapokuwa mbali.

Mwaka 1183 alirudi Norwei, akapatana na Sverre, akarejea Nidaros. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ujenzi, na watafiti wengi wanaiona Uingereza ya wakati ule katika upande wa mashariki wa kanisa kuu, ule unaozunguka kaburi la Olav. Alilipenda jengo lile kiasi cha kulipanda mwenyewe: katika kitabu cha mateso na miujiza ya Mtakatifu Olav, ambacho kwa kawaida kinahusishwa naye, imeandikwa jinsi alivyoanguka kutoka jukwaa la waashi alipokuwa akikagua kazi, akaumia ubavu, na jinsi alivyomshukuru Olav kwa kupona. Alifariki tarehe 26 Januari 1188. Historia ya Sverre inasema walisameheana kitandani pake. Chanzo ni cha Sverre na kina faida katika kusema hivyo, lakini sioni sababu ya kukataa kwamba mzee aliyekubali kurudi chini ya mshindi alitaka kufa bila ugomvi. Mrithi wake, Eirik Ivarsson, hakupatana kamwe na Sverre. Alikwenda uhamishoni Denmark, na Sverre akatengwa na Kanisa, akaandaliwa hotuba maarufu dhidi ya maaskofu, akafariki 1202 akiwa bado ametengwa. Kwa mtu aliyeitazama Norwei mwaka huo, sheria ya 1163 ilikuwa karatasi iliyoshindwa.

Lakini tazama kilichofuata. Mjukuu wa Sverre, Håkon Håkonsson, alipewa ufalme 1217 akiwa kijana, naye alizaliwa nje ya ndoa, hasa aina ya mdai ambaye sheria ya Eystein ilimfungia mlango. Mwaka 1229, chini ya utawala wake, sinodi ya maaskofu wa Norwei ilimtangaza Eystein kuwa mtakatifu. Kesi ya kumtangaza Roma ilifunguliwa zaidi ya mara moja bila kufikishwa mwisho. Mwaka 1240 mdai wa mwisho mwenye nguvu, Skule Bårdsson, aliuawa nje ya Elgeseter, monasteri iliyoanzishwa na Eystein, na vita vya zaidi ya miaka mia vikaisha hapo. Kisha Håkon akaomba alichokuwa nacho Magnus: Papa Innocent IV alimwondolea kizuizi cha kuzaliwa nje ya ndoa, na mwaka 1247, katika mji uleule wa Bergen, kardinali aliyetumwa kutoka Roma alimvika taji. Mwaka 1260 sheria mpya ya urithi iliamua kwamba mfalme ni mmoja, naye ni mwana mkubwa wa ndoa. Kitukuu wa Sverre, Magnus Lagabøte, akaiweka kanuni ya mrithi mmoja katika sheria kuu ya nchi nzima ya 1274. Ukoo ulioingia madarakani kwa kuipiga vita kanuni ya Eystein uligundua kwamba bila kanuni hiyo wenyewe hawataishi.

Mtu anaweza kusema kwamba Håkon hakuhitaji kumsoma Eystein ili ajue faida ya mrithi mmoja. Wafalme wa Ufaransa na Uingereza walikuwa wakielekea hukohuko. Labda. Lakini Norwei ilikuwa na mfano wake wa nyumbani, umeandikwa katika vitabu vya sheria vilivyokuwa vikisomwa, na watu wa Håkon walipoandika sheria ya 1260 walijua wanarekebisha nini. Tunajua hivyo kwa walichokiondoa. Mwana mkubwa alibaki, ndoa ikabaki, mfalme mmoja akabaki. Kifungu cha uovu na upungufu wa akili kilifutwa, na pamoja nacho kikao cha maaskofu na watu 12 wa kila jimbo cha kumpima mwana wa mfalme kama anastahili. Kikao hicho kilibakia tu kama njia ya kutumia pale ukoo wote utakapokuwa umekwisha. Waliorithi walichukua kutoka kwa askofu sehemu iliyowalinda wao, wakaiacha ile iliyowalinda raia dhidi yao.